Marehemu Anyosisye, Aliyewalaza Wakata Kuni

Siku Hezroni alipomwona Anyosisye kwa mara ya kwanza, Anyosisye alikuwa anamnyang'anya mzigo. Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka 1903, kwenye kituo cha kuni za stima, ufukweni, mwendo mfupi kutoka Mwaya. Hezroni alikuwa mgeni pale, na asubuhi ile homa ilikuwa imemshika hata akaona maji ya ziwa yamesimama wima kama ukuta. Hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa haya, akaona afadhali aanguke kuliko aseme. Akaingia majini na kuni kichwani kama wenzake, maji yakamfika kiunoni, na hapo mnyapara mmoja mrefu akaja, akauchukua ule mzigo wote, akauweka begani mwake.

"Umekuja huku kufanya kazi au kufa?" akamwuliza.

Hezroni akajibu kwamba amekuja kufanya kazi.

"Basi nenda kalale. Kama ni kufa, kafie kwenu. Mama yako ndiye anayejua kukulilia, sisi hapa tutakosea."

Watu wakacheka. Zebedayo, Mkisi aliyekuwa akiongoza mitumbwi ya kuni, akapaza sauti kwamba hata yeye anaumwa, anaumwa uvivu tangu tumboni mwa mama yake, je, uvivu nao una kitanda? Anyosisye akamjibu kwamba kitanda kipo, ila uvivu wa Zebedayo hautaenea juu yake. Wakacheka tena. Hezroni akalala nyuma ya rundo la kuni mpaka jua likapinduka, na kila alipofumbua macho alikuta kibuyu cha maji kimesogezwa karibu na kichwa chake.

Mtu yule ndiye anayezikwa leo, Jumapili tarehe 13 Februari 1916. Hezroni baadaye alikuja kuwa shemeji yake, na familia imemwomba ayaandike maisha ya marehemu na kuyasoma mbele ya kaburi, kama ilivyo desturi ya kanisa. Yameandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa hapa wamesimama Wanyakyusa, Wakisi na Wandali, na marehemu alikuwa mtu wa wote.

Marehemu Eliya Anyosisye alizaliwa Busale, mtoto wa tatu wa mzee Mwakatobe, mfugaji. Siku yake haikuandikwa, maana wakati ule kalamu ilikuwa bado haijafika kwetu. Wazee wanasema ni mwaka ambao watu wazima wa Busale waliwakabidhi watoto wao nchi, nao wenyewe wakakaa kando, na kwa hesabu hiyo huenda ilikuwa mwaka 1872. Alipofika umri wa kuchunga, alitoka nyumbani kwa baba yake kama watoto wote wa kiume wa Kinyakyusa, akaenda kujenga vibanda vya mianzi na wenzake wa rika moja. Walichunga pamoja, wakalala pamoja, wakala pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Raha hiyo ya kukaa na wenzako, wazee huiita ukwangala, na husema kwamba asiyeijua hana akili hata awe na ng'ombe zizi zima.

Katika kijiji kile cha watoto palikuwa na sheria waliyojitungia wenyewe. Mwenzao akiugua, wasitoke wote. Mmoja abaki naye. Aliyebaki hakucheka wala hakununa, kwa sababu alijua siku yake itakuja. Marehemu alizoea kusema kwamba kazi yake yote ya unyapara alijifunza pale, kabla hajaota ndevu, na kwamba wazungu walimwongezea kuhesabu tu.

Mwaka 1897, akiwa tayari mtu mzima, alipanda milimani kwenye shule ya misheni. Alikaa kwenye benchi moja na watoto waliomfika kiunoni, nao walimwita tata, yaani baba, huku wakimcheka alivyoishika kalamu kama mpini wa jembe. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Alijifunza pia kuosha vidonda na kuchemsha maji ya kunywa, mambo ambayo hayakuwa katika masomo. Aliyaona yakifanywa uani, akauliza sababu. Alibatizwa siku ya Krismasi mwaka 1899, akaongezewa jina la Eliya.

Mwaka 1900 alianza kubeba mizigo kutoka ziwani kwenda boma la juu. Aliwaona wapagazi wakifa njiani, na mizigo yao ikigawanywa kwa waliobaki kabla mwili haujapoa. Mwaka 1902 aliingia kituo cha kuni. Mkubwa wa kituo alikuwa Mjerumani ambaye watu walimwita Bwana Pima, kwa sababu hakuamini rundo lolote mpaka alipime mwenyewe. Hakuwa mkali kupita wengine. Alitaka kuni ziwe ufukweni stima ikipiga honi, basi, na zikiwepo hakuuliza zimefikaje. Aliona Anyosisye anajua kusoma, akamfanya mnyapara, akampa kiboko. Anyosisye alikitumia kile kiboko kuning'inizia nyama ya kukausha.

Wanyakyusa wameumbwa na adabu. Asubuhi mtu akikuuliza umelalaje, unamjibu kwamba umelala salama, hata kama usiku kucha ulikuwa nje unatapika. Kumwambia mwenzako habari mbaya kabla jua halijapanda ni kumtupia mzigo. Kwa adabu hiyo watu wengi wamekufa kazini, wakiwa wamejibu vizuri. Anyosisye aliliona jambo hilo. Kila asubuhi, kabla ya shoka kuchukuliwa, alisimama mlangoni pa kambi akampa kila mtu mkono na kumwuliza, na huku mtu akijibu, yeye alikuwa bado ameushika ule mkono. Ukiwa wa moto, hakuuachia. Alikuwa akisema, "Mdomo wako umelala salama. Mkono je?" Mtu anaona aibu, anacheka, anarudi kulala.

Alifanya mengi mengine. Alichoma vibanda vya zamani vilivyojaa papasi, akajengesha vipya vyenye vitanda vya mianzi vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Alikataza mtu kuingia msituni na tumbo tupu, akaagiza kila asubuhi upikwe uji au ndizi, wale pamoja, si kila mtu na kona yake. Alinunua mitungi mikubwa kwa wanawake wa Kikisi, wale wanaoleta vyungu kwa mitumbwi, akaagiza maji ya kunywa yachemshwe. Zebedayo alikaa siku nyingi akimdhihaki kwa hilo. Aliuliza ziwa lote hili litachemshwa kwa kuni za nani, na maji yakiiva yaliwe na mboga gani. Baadaye watu walipoona matumbo yametulia, Zebedayo alikuwa wa kwanza kupanga mstari na kata yake ya kunywea, akasema amekuja kuonja tu kama chumvi imekolea.

Tarehe 9 Julai 1904 marehemu alifunga ndoa na Tulinagwe, dada yake Hezroni, huko Talatala. Habari ya uchumba wao bado inasimuliwa. Anyosisye alifika kwa baba mkwe na wazee wawili, wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe. Baba alikuwa mgumu, kila ng'ombe aliyetajwa alisema amekonda. Anyosisye hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama mguu wa mzee, uliokuwa umeliwa na funza hata kidole kimoja kilikuwa hakina umbo. Mwisho akaomba radhi, akachukua mwiba, akapiga magoti, akaanza kuwatoa mmoja mmoja huku wazee wanaendelea kubishana juu ya kichwa chake. Alipomaliza mguu wa kwanza, baba akasema, "Punguza ng'ombe mmoja kwa ajili ya mguu huu. Na huu mwingine usiuguse mpaka tumalize, nisije nikampoteza binti bure." Hezroni aliletwa pale aseme kwa niaba ya ndugu, na hakusema neno hata moja, kwa jinsi alivyokuwa akijizuia asicheke.

Bwana Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja alirudi kwake akiwa mchanga.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa nyumba ya wagonjwa. Miaka yote ile mtu akiugua alilala kibandani mwake peke yake, wenzake wako msituni, na jioni walimkuta ama amepona ama amekauka. Anyosisye alitaka nyumba moja ndefu, safi, ya mianzi, ambamo mkata kuni mgonjwa angelala bila kuitwa mvivu, akapewa maji na uji mpaka apone. Aliiomba kwa muda mrefu. Mwaka 1909 stima ilifika ikakuta nusu ya watu wako chini kwa homa na kuni hazitoshi, ikaondoka polepole kama inabembelezwa. Siku hiyo Bwana Pima alikuwa tayari kusikia. Anyosisye alimwambia, "Bwana, mgonjwa aliyelala anarudi kazini. Mgonjwa aliyekata kuni anazikwa, na mwingine unaanza kumfundisha kushika shoka." Bwana Pima alifikiri, akasema jengeni, lakini baada ya kazi, na marundo yasipungue.

Waliijenga wakati wa mbalamwezi na siku za Jumapili baada ya ibada, na hakuna aliyelazimishwa. Wanyakyusa walisuka mianzi, Wandali walileta kamba, Wakisi walileta matete na vyungu. Ilipokwisha, ilipendeza kuliko nyumba ya bwana. Kazi ya uji na maji alipewa Tusekile, mke wa mkata kuni aitwaye Tuntufye, mwanamke mwepesi wa miguu na mwenye kinywa kikali, ambaye wagonjwa walimwogopa kuliko homa. Na ile sheria ya kijiji cha watoto ikafufuka: kila siku mwanamume mmoja alibaki kambini kuwageuza na kuwainua wagonjwa. Kwa miaka miwili na zaidi nyumba ile ilitunza watu. Hezroni mwenyewe alilala humo mara mbili, akatoka kwa miguu yake.

Mwaka 1911 mzee Ambilikile, baba yake Tuntufye, alikuja kituoni kutafuta fedha za kodi. Alikuwa amezeeka, lakini shoka lilikuwa bado linamtii. Kuja kwake kulileta jambo ambalo watu wa hapa hawahitaji kuelezwa, ila wageni waelewe. Kwetu mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Mke hataji jina la mzee. Akimsikia anakuja njiani, mwanamke huingia kichakani, hujifunika nguo, hugeuka mpaka apite, na mzee naye humsaidia kwa kukohoa mapema. Hawalali wala hawaketi chini ya dari moja. Wakiuvunja mwiko huo, madhara humrudia mwanamke na mtoto aliye tumboni, na hakuna mama aliyewahi kujaribu ili aone kama ni kweli. Kambi nzima iliishika desturi hiyo kwa ajili yao. Mzee alipewa kibanda cha mwisho. Akitoka, watu walipaza sauti, "Mkwe anapita!" na Zebedayo aliongeza kwamba hata samaki wageuke. Mzee Ambilikile alicheka mwenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka 1912 mvua ilizidi. Mto Mbaka ulipanda ukaingia kambini, ukasomba vyoo, na baada ya maji kushuka ugonjwa wa kuhara damu ulianza. Nyumba ya wagonjwa ikajaa, wengine wakalala chini katikati ya vitanda. Ndipo siku ya Jumanne tarehe 26 stima ikapiga honi, nayo ilikuwa na haraka. Bwana Pima aliagiza kila anayeweza kusimama abebe kuni, hata yule wa zamu. Anyosisye alimsihi aachiwe mmoja tu. Bwana akamwuliza yule mpishi anafanya nini pale kama hawezi kumpa mtu maji.

Asubuhi hiyo hiyo Anyosisye alikuwa amemkuta mzee Ambilikile ameanguka kwenye majani, amejichafua, hawezi kusema. Akambeba mgongoni. Akamwosha. Kisha akamwingiza katika nyumba ya wagonjwa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kitanda na maji, na akatundika mkeka kuzunguka kitanda chake. Alijua vema Tusekile ni nani kwa mzee huyu. Aliona mkeka unatosha. Katika vijiji vyetu mkeka ukitundikwa, mkwe hupita nyuma yake akaenda zake, naye aliyaona hayo tangu utoto. Lakini kupita ni jambo moja, na kuingia kuhudumu chini ya dari alimolala ni jambo jingine. Kila mwanamke wa Busale angemwambia hivyo, na yeye hakumwuliza hata mmoja. Honi ilikuwa inalia. Akamwambia Tusekile awape maji kila wakiomba, akaondoka na watu wake kwenda kwenye rundo la mbali, upande wa msitu.

Tusekile alikuwa na mimba ya miezi mingi. Aliinua mtungi, akafika mlangoni, na mzee akazitambua hatua zake. Tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, lakini hapo alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Usiingie," akasema. "Mimi nimo humu."

Alisema kwa heshima, amwokoe mtoto wa mwanawe. Tusekile akauweka mtungi pale kizingitini, akageuka, akajifunika. Akaita mwanamume yeyote. Kambi ilikuwa tupu. Akakimbia ufukweni na tumbo lake, akamwambia askari aliyesimamia mstari wa wabebaji kwamba wagonjwa hawana wa kuwanywesha. Askari akamwambia wewe ndiye mpishi, kazi ikiisha watakuja. Akarudi. Akachukua mwanzi mrefu, akafunga kibuyu cha maji kwenye ncha, akasimama ameupa mlango mgongo, akausukuma mwanzi ndani bila kutazama. Kijana mmoja Mndali aliweza kutambaa akakifikia, akanywa. Wengine walikisikia tu kikigonga sakafu. Alifanya hivyo mchana kutwa, anavuta, anajaza, anasukuma, akilia na kuita majina ya waliokuwa ndani, isipokuwa moja.

Wabebaji waliporudi jioni, Hezroni alikuwa nyuma ya Anyosisye. Mitungi ilikuwa imepangwa mlangoni, imejaa maji yaliyochemshwa vizuri. Ndani, watu saba walikuwa wamekufa, na mzee Ambilikile mmojawapo. Mkeka wake ulikuwa bado umetundikwa sawasawa.

Wazee waliitwa kutoka Busale. Wakakaa, wakauliza, wakasikiliza. Wakasema Tusekile alifanya vema. Wakasema mzee Ambilikile alifanya vema sana, alikufa akiwa mtu wa heshima. Tuntufye, mwana wa mzee, alimwendea Anyosisye, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Ndaga fijo. Asante sana kwa kumbeba baba." Hakuwa akimkejeli. Hapo ndipo Anyosisye alipoketi chini.

"Kila mtu amefanya vema," akasema. "Basi nani amewaua?"



Baada ya mazishi alikwenda kwa Bwana Pima na mpango mpya, amefikiri usiku na mchana. Alitaka nyumba mbili na wapishi wawili, na mwanamume wa zamu asiguswe hata stima ilie namna gani. Bwana Pima hakukasirika. Alisema, "Nyumba moja imeua watu saba. Unataka ya pili?" Akaagiza vitanda vitolewe, mashoka na kamba ziwekwe humo, zisilowe mvua. Zipo humo mpaka leo.

Anyosisye hakukoma mara moja. Aliendelea kusimama mlangoni pa kambi asubuhi, akiwapa watu mkono. Lakini sasa mtu alijibu kwamba amelala salama, na mkono ulikuwa wa moto, na Anyosisye hakuwa na mahali pa kumpeleka. Watu wenyewe hawakutaka tena kulazwa. Walisema kitandani ndiko wenzao walikokufa, afadhali msituni. Hezroni aliona jinsi alivyoanza kuiachia ile mikono, mmoja baada ya mwingine, upesi kama watu wengine wanavyosalimiana. Mwisho aliomba avuliwe unyapara. Mwaka 1913 alirudi kwenye shoka. Mnyapara aliyeingia baada yake alikipata kile kiboko, akakisafisha. Zebedayo aliacha mzaha, akarudi kwao kuvua.

Vita vilipokuja mwaka 1914 stima haikuonekana tena, lakini kuni zilitakiwa kuliko zamani, kwa majiko ya jeshi. Mwezi wa Juni mwaka 1915 marehemu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari upande wa Songwe na milimani. Alirudi kabla ya Krismasi, miguu imevimba, kifua kinalia kama mvukuto wa mhunzi. Mkewe alimsihi apumzike. Alikaa nyumbani Jumapili moja, Jumatatu akaenda kituoni, maana jina lake lilikuwa linaitwa. Alikata kuni Januari nzima. Wenzake wanasema alikuwa akipumzika kwa kuegemea mti huku ameinua shoka, ili kwa mbali aonekane anakata.

Tarehe 7 Februari alianguka. Hapakuwa na pa kumlaza kituoni, kwa hiyo Hezroni na Tuntufye walimbeba kwa machela ya mianzi mpaka nyumbani kwa Hezroni, Talatala, penye njia kavu zaidi. Tulinagwe alimkanda, alimnywesha maji yaliyochemshwa, na mchungaji alifika akaomba naye. Hakulalamika. Aliuliza mara kwa mara kama jua limepanda. Alifariki Jumamosi tarehe 12 Februari 1916, asubuhi, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na minne.

Marehemu ameacha mjane, Tulinagwe. Watoto watatu, Maria, Raphaeli na Andrea, ambaye bado ananyonya. Na kaka yake mkubwa, Nsajigwa, wa Busale. Tusekile yupo, amesimama kule nyuma na wanawake, na mtoto aliyekuwa tumboni mwake amekuja naye. Wakata kuni wengi hawapo. Waliomba ruhusa, wakaambiwa anayetaka kuzika azike baada ya kazi. Katika walioruhusiwa wapo wenye mikono ya moto, na jioni watarudi huko huko. Familia inawashukuru wote waliofika, na wale ambao wangefika. Mungu ampe Anyosisye mahali pa kulala ambapo hakuna wa kuja kumwamsha.

Jana asubuhi ngoma ya kazi ilisikika kutoka upande wa ziwa. Tulinagwe alikuwa ametoka kuteka maji, na Hezroni alikuwa peke yake kando ya kitanda. Marehemu alifumbua macho, akajaribu kuinuka kwa kiwiko, hakuweza. Akamshika Hezroni mkono, na mkono wake ulikuwa umeanza kupoa.

"Shemeji," akasema, "wakija kuniulizia, usiwaambie nimelala. Waambie nafunga mzigo, nakuja."